Usimwage Maji kwa Moto

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mkono wangu ulianza kutetemeka juu ya freni, yaani breki, nikadhani nimeshikwa na ugonjwa.

Nilikuwa kijana hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, naendesha moto. Sisi Wakongomani pikipiki tunaiita moto. Nilibeba watu kati ya Kashojwa na Mbarara. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini moto ile niliinunua kwa jasho la maharage yangu, hakuna aliyenisaidia hata na shilingi moja. Basi niliipenda kama bibi-arusi. Kila nikirudi kutoka Mbarara, nikishamaliza kushuka ule mlima mrefu, nasimama kwenye kinamasi pale chini, nachota maji, naimwagia palepale, magurudumu kwanza, tsss, ili niingie Kashojwa inang'aa. Ule mvuke niliona ni uchafu unatoka. Cheka tu.

Abiria wangu mkubwa alikuwa Mama Nabintu, muuza samaki, mama wa msichana niliyetaka kumwoa. Mtu wa kanisa kabisa. Harufu ya pombe aliisikia kutoka kijiji cha pili. Siku ile tunashuka mlima, nikabana freni ya mbele, na yenyewe ikaanza kusukuma vidole vyangu: inapiga, inaacha, inapiga, inaacha. Usukani ukanitikisa mpaka mabega. Mama akachungulia kutoka nyuma yangu.

"Wee Bahati, mukono yako inatetemeka."

"Ni barabara, Mama."

"Fasi hii haina hata shimo moja. Unakunywaka nini?"

"Chai, Mama!"

"Chai gani hiyo inatetemesha watu? Simama, nitatembea. Na binti yangu sitamupa mutu wa chupa."

Akashuka, akajitwika beseni lake la samaki, akaenda. Na mimi pombe sijawahi kuonja!

Nyumbani nikanyoosha mkono mbele ya macho: umetulia kama ubao. Nikishika freni mlimani, unatetemeka. Nilichanganyikiwa, mwanangu. Nikabadilisha plaketi, vile vibao viwili vinavyobana disiki, ile sahani ya chuma ya gurudumu, bado. Nikabadilisha mafuta ya freni, bado. Nikaenda kuombewa, bado.

Mwisho nikapeleka moto Mbarara kwa Mzee Kato, fundi wa Kinyankole, mwenyeji wa huko, Kiswahili chake cha kujiokotea sokoni. Akainua gurudumu la mbele, akashikilia kipande cha spoki kuukuu karibu na disiki, akalizungusha. Disiki inagusa spoki, inaacha, inagusa.

"Disiki imepinda. Weka ingine. Na wewe, usimwage maji kwa moto."

"Nisioshe moto?"

"Kuosha moto? Nani naosha moto?"

"Mimi. Kila siku."

Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi juu ya paa. "Nyinyi Wakongomani," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Niliondoka na hasira. Nikajiambia, mzee huyu anataka moto yangu ioze kwa uchafu. Kumuuliza tena? Mimi, niliyejinunulia moto mwenyewe? Nikafungua disiki kwa mikono yangu, nikailaza juu ya jiwe, nikaipiga nyundo ili inyooke, nikairudisha. Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Disiki si samaki.

Kisha nikamsihi Mama Nabintu apande tena mara moja aone nimepona. Akakubali. Katikati ya mlima ng'ombe wa pembe ndefu wakakata barabara. Nikabana freni, gurudumu likaruka, likashika, tukaingia mtaroni. Samaki wakatawanyika. Goti la Mama likapasuka, damu mpaka kwenye kandambili. Hakunitukana. Angenitukana ningepata usingizi.

Kesho yake nilirudi kwa Mzee Kato, nimejikunja. Akapapasa alama za nyundo. Akanivuta kwenye pikipiki iliyofika sasa hivi kutoka safari ndefu.

"Gusa disiki."

Nikagusa. Kidole kikaungua.

"Moto!" nikapiga kelele.

"Eeh," akasema. "Hiyo ndiyo moto nakuambia. Chuma iko moto, wewe namwaga maji baridi. Inapinda."

Nikabaki nimesimama, kidole mdomoni. Neno ninalolisema tangu utoto, na sikulisikia! Wanasema upande mmoja unapoa kabla ya mwingine, vinavutana. Sawa. Mimi mpaka leo sielewi vizuri maji yanakishindaje chuma. Lakini siku ile nilielewa neno.

Nikaweka disiki mpya. Ile ya zamani nikampelekea Mama Nabintu, goti lake limefungwa kitambaa, nikailaza juu ya meza yake. Akabonyeza upande mmoja, upande wa pili ukainuka: tak. Akabonyeza tena: tak.

"Kumbe mulevi ni huyu," akasema.

Nikamwambia habari ya maji. Nikamwambia na ya nyundo.

"Na fundi alikuonya? Sasa kwa nini haukumuuliza vizuri?"

"Kiburi, Mama."

Akabonyeza tena. Tak. "Kiburi nayo inatetemeshaka mukono." Kisha akasema, "Siku ya Mungu utanipeleka kanisani. Polepole. Binti atakaa nyuma yangu."

Huyo binti ndiye anayenipikia chai mpaka leo.

Basi sikia, wewe uliye kijana juu ya boda. Freni ikikupiga vidole, usilaumu mkono, barabara wala shetani. Inua gurudumu, lizungushe, utazame. Chuma kilichoshuka mlima kiache kipoe chenyewe, moto uioshe asubuhi. Disiki iliyopinda haina dawa ya nyundo, weka nyingine. Na ukiambiwa neno likakuchekesha, rudi ukaulize: unasema moto gani? Kuuliza si ujinga. Ujinga ulikuwa mimi na jiwe langu.

Mungu akupe freni inayokusikia, na akupe sikio linalosikia kabla ya freni. Kila utakayempakia afike kwake na magoti yake mawili, na mlango wa mkwe wako usifungwe mbele yako.