Moyo Uliokwenda Shule

Mwezi uliopita, Jumamosi moja, niliwaandalia watoto wa tuisheni somo la moyo. Ni watoto wa kidato cha pili, wanakuja kwangu hapa Nkende, wanakaa kwenye mkeka barazani na simu za wazazi wao mkononi. Hata sijafungua mdomo, msichana mmoja akaniambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, moyo tumeshaelewa. Kuna mwalimu mmoja kwenye simu, anaelewesha jamani!" Akanionyesha. Moyo mwekundu unadunda, damu inaingia, damu inatoka, na kijana mtanashati anaeleza kwa sauti tamu. Mwenzangu, nikisema nilifurahi nitakuwa nakudanganya. Niliona wivu.

Kwanza niliwaonea wivu watoto. Sisi kule Morotonga nilikokulia moyo tuliuona mara moja tu, na kuupata ilikuwa shughuli.

Mwalimu wetu wa sayansi alipangiwa kwetu kutoka huko kusini, mrefu, mwembamba, Kikurya hajui. Neno pekee alilolidaka ni "mura", ambalo huku ni kijana wa kiume. Yeye akadhani ni la heshima kwa kila mtu. Sisi wasichana tukawa mura. Bibi yangu alipompelekea maziwa mgando akapokewa kwa "Shikamoo, mura!" Bibi alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo akamfanya mwanawe.

Siku moja mwalimu akasema darasani kwamba anataka moyo wa ng'ombe. Angejuaje maskini? Kwetu ng'ombe akichinjwa nyumbani kila kipande kilikuwa na mwenyewe, wazee wana chao, wajomba wana chao, na huendi tu kuomba nyama ya watu eti ukaichezee shuleni. Jioni tukipukuchua mahindi nilimweleza bibi. Akaendelea kupukuchua, punje zikidondoka kwenye ungo. Lakini jirani alipochinja, bibi alijifunga kanga yake vizuri, akaenda mpaka walipokaa wazee, akawaambia, "Huo moyo nauazima. Unakwenda shule, ukimaliza masomo utarudi." Wazee walitazamana, wakautoa.

Niliubeba asubuhi kwenye sufuria, umefunikwa kwa majani ya mgomba, nzi wananisindikiza njia nzima. Mwalimu akaupasua kwa wembe juu ya meza yake, akatuita tusogee. Akamimina maji, tukaona vilango vya ndani vinajifunga vyenyewe. Kisha akanishika kidole, akakiingiza: "Sikia ukuta wa kushoto ulivyo mnene, mura." Ulikuwa mnene kweli, wa baridi, unateleza. Mchana moyo ukarudi nyumbani vipande vipande, unanuka chaki, wazee wakalalamika weee, halafu wakaula. Mimi siku hiyo ndiyo nilitaka ualimu. Nilitaka siku moja mtoto hata mmoja anikumbuke kama ninavyomkumbuka yule mwalimu.

Sasa hapo ndipo panaponiuma. Yule kijana wa kwenye simu hajui kwamba mmoja wa wanafunzi wangu baba yake yuko Kewanja kwenye machimbo na hajarudi siku nyingi. Hajui nani amekuja bila kunywa chai. Vumbi la chaki halijamkohoza hata kidogo! Lakini ndiye wanayemtaja mchana kutwa. Watoto wangu wanapata kila kitu bila kubeba sufuria, na yeye anapendwa na watoto asiowajua. Nina wivu nao wote, ndiyo, na sioni sababu ya kuficha.

Basi Jumamosi iliyofuata nikapita buchani. Siku hizi moyo unanunua tu, hakuna mzee wa kumpigia magoti. Nikauweka kwenye sinia barazani, nikachukua kisu. Watoto wakashangilia! Wakasogea kunizunguka, roho yangu ikatulia. Kumbe kila mmoja kainua simu. Nilieleza kwa nguvu zangu zote, nikamimina maji, vilango vikajifunga. Nikamgeukia yule msichana, "Haya mwanangu, ingiza kidole, usikie ukuta huu." Akakunja pua. "Aa, mwalimu, damu! Ingiza wewe, mimi nirekodi." Nikaingiza mimi.

Bibi yangu hayupo tena, na wazee wale wameondoka mmoja mmoja. Mwalimu alihamishwa, sikumsikia tena. Nyumbani kwetu hawachinji siku hizi ila kwenye msiba au harusi, na sidhani kama kuna mtoto wa Morotonga anayejua kwamba moyo wa ng'ombe uliwahi kuazimwa ukasome.

Jioni ya Jumamosi ile ya somo, msichana alinitumia ujumbe: "Mwalimu, umekuwa maarufu!" Nikatafuta miwani mbio, hata chai nikaiacha. Kweli, video wameiweka mtandaoni, ni mikono yangu, na pete yangu, inafungua moyo taratibu. Uso wangu haumo. Sauti yangu wameitoa yote, wameweka muziki. Chini yake watu wamejaa wanasifu, mikono gani hii, yenye utulivu hivi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni ya nani. Nimeitazama mpaka chaji ikaisha, na nakwambia wewe tu: nimeionea wivu mikono yangu mwenyewe.