Mkono wa Kushoto wa Mjomba Musyoki

Juzi nilinunua koti la mtumba sokoni Tala, na nilipolikung'uta nyumbani, harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo ikanijaa puani. Wengine harufu hiyo huwakumbusha sanduku la bibi. Mimi hunikumbusha piano, na huwa natafuta mahali pa kukaa.

Piano yenyewe ilikuwa kanisani kwetu Kola. Wamishonari waliiacha, na vidonge vilitiwa tumboni mwake ili panya wasihamie humo. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kubeba maua ya Jumapili. Kisha Mjomba Musyoki, mdogo wake mama, akarudi kutoka Nairobi, alikokuwa akipiga jazi hotelini mpaka mwenye hoteli akagundua kwamba redio haili chakula cha jioni. Pasta akamruhusu kufanya mazoezi kila Jumamosi mchana, mradi apige kwenye ibada kesho yake.

Nilikuwa darasa la tano, na nilikuwa mwanafunzi wake wa pekee. Nilikaa naye kwenye benchi, upande wa kushoto, nikijifunza kwa macho na masikio. Alipenda kazi za wale watunzi wa Ulaya ambao kwenye picha huvaa nywele za bandia. Kwanza alizipiga jinsi zilivyoandikwa, kwa adabu, kama mtu anayemsalimia mama mkwe. Halafu alizirudia kwa namna yake: palipotakiwa haraka akachelewa, palipotakiwa utulivu akatia pilipili.

"Huyu mzungu alikufa kabla amalize kuongea," aliniambia. "Mimi namsaidia tu."

Ukumbi mmoja wa Nairobi ulikuwa umempa jioni nzima apige nyimbo hizo mbele ya watu, hivyo hivyo kwa namna yake. Hakuwahi kupewa nafasi kama hiyo. Zilibaki wiki tano, na Kola yote haikuwa na piano nyingine.

Wimbo alioupenda kuliko yote ulikuwa wa kucheza wawili wawili, wa hesabu ya tatu. Mkono wa kulia aliuacha ubaki Ulaya. Wa kushoto ulikuwa unafanya kitu kingine kabisa, na Jumamosi moja nikamuuliza kwa nini mkono huo unasikika kama Susu akitwanga mahindi. Susu ni bibi yetu, mama yake. Mjomba alicheka hadi akakohoa. Kisha akanieleza kwamba hiyo ni kilumi, ngoma waliyocheza wanawake wa zamani kuita mvua na kutuliza mizimu, na ambayo kanisa lilikuwa limeikataza kabla mama hajazaliwa. Susu alikuwa ameokoka tangu ujana wake na hakuitaja hata siku moja, lakini akitwanga peke yake, mchi ulimponyoka ukaenda kwao, kwenye mapigo hayo.

"Hiyo ibaki hapa kwa benchi," mjomba akasema. "Wakiuliza, wewe sema ni jazi."

Nikaapa. Siku hizo kuapa hakukunigharimu kitu.

Jumapili moja akaupiga wimbo huo wakati wa sadaka. Sidhani kanisa letu limewahi kutoa sadaka kwa furaha namna ile. Kina mama walikwenda mbele, wakarudi, wakakumbuka kwamba walikuwa na sarafu nyingine kwenye fundo la leso, wakaenda tena. Mabega ya ajuza mmoja yakaanza kutikisika yenyewe, binti yake akamshika akamketisha. Wazee wa kanisa, waliokaa safu ya mbele, walitazama viatu vyao. Pasta, ambaye hakuwa mtu wa kwetu, aliuliza ni wimbo gani.

"Ni ya Wazungu, pasta," mjomba akajibu. "Nimeiweka jazi kidogo."

Pasta akasema ni nzuri sana, akaenda zake kula.

Wazee hawakwenda kula. Wanne kati yao walijifungia na mjomba katika ofisi ya kanisa, kisha wakaniita. Mzee Kimeu, mwenyekiti wao, alinipa kiti cha watu wazima na kikombe cha chai ya maziwa. Mpaka siku hiyo, mtu mzima akiniita nilijua nimekosa jambo.

"Mwende, usiogope. Nasikia wewe unajua mambo ya piano."

"Ndio, Mzee."

"Sisi hatujasoma hiyo kitu. Hebu tuambie, hii kitu mjomba yako anapiga na mkono wa kushoto, ni nini?"

Nilimtazama mjomba. Alikuwa ameinamisha kichwa. Neno jazi lilikuwa tayari mdomoni. Lakini chai ilikuwa tamu, wanaume wanne wenye mvi walikuwa wakinisubiri mimi, na nilitaka waone kwamba ninajua jambo wasilolijua.

"Ni kilumi," nikasema. Na kwa kuwa ulimi hauna mfupa, nikaongeza kwamba hata Susu anaijua.

Mzee Kimeu akashusha pumzi, akawageukia wenzake. "Mmesikia. Si mimi nimesema. Ni mtoto amesema."

Mjomba alitengwa na Meza ya Bwana kwa miezi sita. Susu aliitwa mbele ya kanisa kutubu, mwanamke mzima mwenye wajukuu, kwa sababu ya mchi wake. Jumatatu wakaleta fundi, akatoboa mbao za piano akatia kufuli.

"Umesema ukweli, Mwende," mjomba aliniambia Jumapili ile nje ya ofisi. "Enda nyumbani."

Heri angenichapa. Wiki ya tano ilifika ikapita bila yeye kwenda kwenye ule ukumbi wa Nairobi. Alikwenda Mlolongo kuchonga mawe kwenye machimbo, na vidole vyake vikawa vinene, vigumu, kimoja bila ukucha. Tulipokutana arusini aliniuliza habari za shule, nikamjibu, tukaishia hapo. Sikumsikia akipiga piano tena. Alifariki mwaka juzi.

Miaka yote hiyo niliamini kwamba kosa langu lilikuwa kuwafichulia wazee siri. Baada ya mazishi, mimi na mama tukiambua mbaazi, hatimaye nikamwambia hivyo. Mama akacheka, kicheko kibaya.

"Kimeu hakuwa anajua? Mama yake Kimeu ndiye alikuwa anapiga ngoma ya kilumi hapa Kola yote! Huyo alibebwa kwa mgongo kwa hiyo ngoma mpaka akajua kutembea. Na wale wengine, mama zao ndio walikuwa wanacheza."

Basi waliitambua kabla mjomba hajamaliza mstari wa kwanza. Kilichowashinda ni kuitaja, maana atakayeitaja ndiye atakayeulizwa aliijulia wapi. Walihitaji mdomo ambao aibu yake isingefika nyumbani kwao. Wakatafuta wa mtoto, wakaupa chai.

Nimejaribu kuwasamehe, sijaweza. Nao wangenisamehe nini, sijui. Mtu wa kunisamehe nimeshamzika. Mzee Kimeu bado yu hai, na Jumapili hunipa mkono nikaupokea. Kila nikiupokea naukumbuka ulivyokuwa juu ya meza ya ofisi siku ile, nilipokuwa nimetulia nikichagua neno: kidole chake kilikuwa kikigonga mbao, taratibu, kwa mapigo yale yale. Nilidhani ananiharakisha.