Aliyemwaga Mafuta ya Taa Kisimani

Nilipoanza kufundisha fasihi katika shule moja ya wasichana karibu na Matsangoni, nilimkuta mwalimu mwenzangu akiiabudu riwaya moja ya kale ya Kizungu. Ndani yake bwana wa jumba la mawe anampenda binti wa jirani. Binti anapomkataa, bwana anaichoma nyumba ya wazee wa binti, kisha analilia majivu kurasa arobaini nzima.

"Mwanamume asiyeweza kuchukia hawezi kupenda," alituambia mwalimu yule, macho yamemlengalenga machozi, chai inampoa mkononi.

Nami, mwenye shahada na akili zangu timamu, niliona amesema jambo. Haukupita muda akaleta posa kwetu Mambrui, na baba akakubali.

Mchumba wangu alivaa koti jeusi katika jua la Malindi, jasho likimtiririka hadi kwenye kola. Nikicheka na mwenye duka la vitambaa, ananinunia siku tatu, na mimi nikihesabu kununa kule kuwa ni mapenzi mazito. Siku moja tuligombana tangu asubuhi. Tulipotoka shuleni, alilipiga teke beseni la mama wa Kigiriama aliyekuwa akiuza mahamri langoni. Mama yule hakuwa amemtendea neno.

"Umeona unavyonifanya?" akaniambia mimi.

Nilichutama tukaokota mahamri mchangani, mimi na yule mama, naye mwalimu amesimama kando ameinamisha kichwa kwa huzuni, kama kwamba tunamwokotea yeye. Wiki ile ile nilimwambia baba simtaki, na baba akamrudishia vitu vyake vyote.

Ijumaa iliyofuata shule zilikuwa zimefungwa, na wanaume walikuwa msikitini. Mimi na shangazi tulikuwa jikoni tukikuna nazi, tukasikia mlango wa ua. Alikuwa amesimama kando ya kisima chetu, na koti lake, na galoni la mafuta ya taa.

"Na wewe utakunywa uchungu niliounywa mimi!" akapaza sauti, akamimina.

Nilibaki nimeduwaa. Bwana wa kitabuni alichoma nyumba. Huyu wangu hata ubaya wake ulikuwa wa nusu nusu.

Shangazi alitoka, tui likimchuruzika mikononi. "Wewe mwanangu," akamuuliza, "kisima hiki zinakunywa nyumba saba. Nazo zilikukataa?"

Mle riwayani hakuna anayemuuliza bwana yule swali kama hilo.

Alitaka kuondoka, lakini watu walikuwa wanarudi kutoka swalani, wakakutana naye mlangoni na galoni lake. Baba alipoelezwa hakupaza sauti. "Mwalimu," akasema, "ulichokitia utakitoa."

Alivua koti, akalikunja vizuri, akalilaza juu ya ukuta. Akashuka kwa kamba. Vijana wakawa wanavuta ndoo, yeye chini anachota maji yenye mafuta, huku wanawake wa mtaa wamesimama na madumu matupu wakimtazama utosini. Tulimsikia akitapika. Halafu sauti nyembamba ikapanda kutoka chini:

"Naombeni maji ya kunywa."

Wanawake walicheka hadi wakashikana mabega. Nilimteremshia maji tuliyoteka kisima cha msikiti. "Ahsante," akasema. Tangu nimjue sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

Alichota siku tatu. Maji yaliendelea kunuka wiki kadhaa, na majirani wakateka kwingine bila kutulaumu, jambo lililoniumiza kuliko matusi. Yeye aliomba uhamisho. Nasikia bado anaisoma riwaya ile mbele ya wasichana, na bado wanalia.

La kunitia haya zaidi ni kwamba nilimkumbuka mwezi mzima. Nilikuwa nimenusa mafuta yale kwenye maji ya kutawadhia baba yangu, na bado nikawa natega sikio nisikie kama amekuja. Simdharau yeye tu.

Mwaka huu riwaya hiyo imeniangukia mimi kuifundisha. Niliwauliza wasichana: wale wazee waliochomewa nyumba, siku ya pili walilala wapi? Wakapekua kurasa. Hapajaandikwa. Mmoja akainuka, mkono kifuani.

"Lakini mwalimu, alimpenda sana."

Nikamwambia akae.