Watoto Waliobaki Kule

Usiniambie nilikuwa nimesinzia. Ilikuwa saa sita mchana, jua la Malaba linawaka, na nilikuwa nimetoka kunywa chai. Haya yalinipata mimi mwenyewe.

Ninatunza seva, ile kompyuta kuu, ya kampuni ndogo inayoshughulikia karatasi za malori yanayovuka kwenda Uganda. Ndani ya seva, programu zinazoendelea kufanya kazi zimegawanywa katika vikundi, na kila kikundi kina mgao wake wa nguvu na kumbukumbu. Kila programu ina namba. Ukitaka kuihamisha, unaandika namba yake katika kikundi kipya, nayo inahama bila kusimama. Siku hiyo nilihamisha moja iliyokuwa inabanwa, 4127, kisha nikaandika amri ya kuua chochote kilichobaki katika kikundi cha zamani. Takataka tu, nilijiambia.

Kabla sijabonyeza, nikaona mama mmoja amekaa kwenye kiti cha wateja. Leso kichwani, miguu haitulii. Sikumsikia akiingia.

"Boss," akasema, "mimi umenihamisha, lakini watoto umewaacha kule."

Kule? Hapa mpakani, mtu akisema kule ni Uganda, basi.

"Mama, hii si ofisi ya uhamiaji. Rudi pale geti uwaulize."

"Ni watatu. 4130, 4131, 4138. Usifunge, boss. Tafadhali."

Nilidhani ni namba za foleni. Niamini, huruma ilinijia kidogo, lakini madereva walikuwa wananingoja. Nikabonyeza.

Hakulia. Alisema tu, "Haya," kama mtu aliyezoea kufukuzwa madirishani. Nikatazama skrini: zilizokufa, tatu. 4130, 4131, 4138. Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu, na askari wa mlangoni akaapa hajaona mama yeyote tangu asubuhi.

Sheria yenyewe niliijua tangu chuoni: ukihamisha mzazi, yaani programu iliyoanzisha nyingine, watoto aliokwisha kuwazaa hawamfuati. Watakaozaliwa baadaye ndio wanaozaliwa huko alikohamia. Niliijua, nikaisahau. 4127 ilikaa ikiwangoja watatu wale mpaka nikaizima mwenyewe.

Sasa silali vizuri, na mtu akiniita boss ninashtuka. Nikihamisha programu, natafuta watoto kwanza, nawataja kwa sauti mmoja mmoja. Wenzangu wananicheka. Wewe unayefanya kazi hii, usiwe mwepesi wa kuita kitu takataka. Mimi niliambiwa wako wangapi, nikatajiwa na namba zao, na bado nikabonyeza.