Si Vita Wala Amani Huko Rågsved

Dada yangu Tereza alinituma Stockholm kwa jambo moja: harusi ya mwanawe Boni ifanyike Morogoro, maana miguu yake yeye mama haimruhusu tena kusafiri mbali. "Kaka, wewe una maneno," aliniambia. Maneno ninayo kweli. Nimefundisha historia miaka mingi, na mada ninayoipenda kupita zote ni siasa ya nje ya Urusi mara tu wakomunisti waliposhika dola.

Ndani ya ndege wenzangu walilala, mimi nikapanga mkakati. Serikali ile changa, jeshi lake likiwa hoi, ilikaa mezani na Wajerumani. Mjumbe wake akatangaza kwamba vita hawapigani tena na mkataba hawatii saini. Si vita wala amani! Akaondoka zake. Kilichofuata nakijua, Wajerumani walisonga mbele na Warusi wakatia saini masharti mabaya zaidi. Nikajiambia Warundi, yaani jamaa za Divine, mchumba wa Boni, si Wajerumani.

Tumba, kitongoji cha Stockholm anakoishi Boni, niliazimwa koti lililonifika magotini. "Anko, ongea nao taratibu tu," alinisihi. "Baba yake Divine ni mtu mzuri." Nikamwambia mambo ya diplomasia aniachie mimi.

Jumamosi mchana nilifika Rågsved, mtaa wa kina Divine, peke yangu, kwa kuwa bwana harusi hakai kwenye mazungumzo. Mzee Nestor, baba yake Divine, alinikaribisha kwa bashasha. Shangazi wa binti akanimiminia kinywaji, kwani kwa Warundi maneno ya ndoa huanzia hapo.

"Mwalimu, sisi tunataka harusi ifanyike hapa," mzee alisema. "Jamaa yetu yote iko hapa. Nyinyi munasemaje?"

Nikasimama. Nikazungumzia msimamo wa upande wetu, mamlaka kamili na kutoingiliwa. Nikahitimisha: "Hatukubali, wala hatukatai." Nikatoka, glasi yangu imejaa vilevile.

Nilitegemea wanikimbilie kwenye ngazi. Hakuna aliyetoka. Nilipofika nje mlango wa chini ukajifunga nyuma yangu, na mlango ule hufunguliwa kwa namba nisiyoijua. Nikasimama kwenye theluji na koti la kuazima, dola kamili ya mtu mmoja, mpaka jirani mmoja aliporudi kutoka kutembeza mbwa wake, akanifungulia.

Juu walikuwa wanakula.

"Umeacha kinywaji chetu," shangazi alisema, hata hakuniangalia.

"Basi harusi ni hapa," mzee akaongeza, "sherehe ya kumuaga binti ni hapa, na tarehe tutachagua sisi."

Meno yakinigongana, nikakubali yote.

Nikarudi Morogoro. Tereza alikuwa ameshashona gauni. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Uliwaambia habari za miguu yangu?"

Nilikuwa nimewaambia kila kitu isipokuwa hicho. Niliona aibu ambayo hata kwenye theluji sikuiona.

Akachukua simu, akampigia Mzee Nestor. Alieleza habari za miguu yake, akasema anatamani kumwona mwanawe akioa. Nilisikia sauti ya mzee vizuri: "Mama, kwa nini mwalimu hakutuambia? Tutakuja sisi."

Nimejifunza kwamba aliyetumwa neno moja alifikishe hilo kwanza. Siku ya harusi, hapa Morogoro, nilikabidhiwa ulinzi wa viti. Tereza, ndani ya gauni lake, alinionya nisiondoke hapo hata nikikasirika.