Kitufe cha Oda

Sikusomea kompyuta. Nilijifunza mwenyewe stoo kwangu Iyunga, hapa Mbeya, nikiwa katikati ya magunia ya mbegu za viazi, kwa kujaribu, kukosea na kuanza upya. Kazi ninayojivunia ni ndogo. Katika orodha ya wateja wangu wa Iringa niliweka kitufe pembeni ya kila jina. Ukikibonyeza, kinachukua jina la mteja, aina ya mbegu na siku ya lori, kisha kinafungua programu ya ujumbe kwenye simu, maneno yakiwa yameshaandikwa. Wewe unatuma tu. Mwisho wa ujumbe kuna kiungo. Mteja akikigusa, unafunguka ukurasa wa kuniandikia oda yake inayofuata.

Namba ya simu ya kiungo hicho niliiweka sehemu moja tu, kwenye mipangilio, ili laini ikiharibika niibadilishe pale na vitufe vyote vifuate. Niliona huo ndio utaratibu mzuri. Mpokeaji wa mizigo yangu Iringa, pale Ipogolo, alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu. Nilimpa ruhusa ya kubadilisha mipangilio sawa na mimi. Dada aliniuliza kama ni lazima.

"Mtu tuliyempa wewe," nikamwambia, "nitamnyima nenosiri?"

Msimu wa kupanda ulipofika, oda za Iringa zilipungua, halafu zikakatika kabisa. Nilikagua vitufe vyote, kila kimoja kilifungua ujumbe vizuri. Kiungo cha mwisho sikukigusa. Kilikuwa kinakuja kwangu, na mtu hajiandikii oda mwenyewe.

Nikasafiri kwenda Iringa kuona kulikoni. Sokoni nikakutana na mama mmoja mkulima, mteja wangu wa miaka mingi.

"Baba wa Mbeya! Kumbe Kihehe unakijua, ulikuwa unatuficha."

"Kihehe gani, mama?"

"Si unaniandikia *kamwene* kila nikiagiza? Salamu tumepokea. Ila mbegu za safari hii, mh! Ndogondogo kama karanga. Umeanza kutuchezea?"

Mimi ni Msafwa wa Mbeya, Kihehe sikijui. Salamu hiyo sijawahi kumwandikia mtu. Nilimwomba simu yake, nikagusa kiungo. Picha ilikuwa ya stoo yangu na jina lilikuwa la biashara yangu. Namba ilikuwa ya shemeji.

Nilishuka Ipogolo. Nilimkuta anapakua viazi vidogovidogo kutoka kwenye lori nisilolijua. Hakushtuka.

"Karibu, shemeji. Ungesema unakuja tungechinja kuku."

"Namba yangu iko wapi?"

"Aa, shemeji! Wewe una vitufe, mimi nina watu. Hawa ni watu wa kwetu. Kama hukutaka niguse, mbona ulinifungulia?"

Dada alikuwa amesimama mlangoni. Nilimtazama, naye akatazama magunia.

Palepale barabarani, kwa simu yangu, nilirudisha namba na kumwondolea shemeji ruhusa. Haikuchukua muda. Kisha nikawaandikia wateja wa Iringa mmoja mmoja, kwa vidole vyangu, bila kitufe, kwamba mbegu zile hazikuwa zangu na kwamba nilidanganywa pamoja nao.

Wengi hawakujibu. Yule mama alijibu: "Baba, hata yule wa *kamwene* alisema ni wewe. Msimu huu nitanunua kwa jirani, mbegu ninayoishika kwa mkono."

Kitufe bado kinafanya kazi vizuri.