Alama ya Kutoa ya Thenmozhi

Nilichokiona kwanza kwa Thenmozhi ni dole gumba lake la kulia: limepinda nyuma kama kijiko kilichokanyagwa. Rungu la polisi lililivunja siku ya mgomo, kwenye lango la kiwanda cha ngozi, alipomkinga mdogo wake Pugazh. Hakufaulu. Pugazh alipasuliwa paji la uso, akaburutwa kwa nywele, akatupwa garini kupelekwa kituo cha polisi cha mtoni. Hajarudi.

Mimi ni karani wa wakili Ilango, anayewatetea waliokamatwa. Mahakama iliwaamuru polisi watoe rekodi, wakaleta faili za XML, zile ambazo kila taarifa hufungwa ndani ya lebo yenye jina: kila kituo na lebo zake mbili, walioshikwa na walioachiwa. Jaji alitaka idadi ya waliobaki ndani kabla ya saa tisa. Thenmozhi, ambaye kazi yake ni kupanga majarida kwa XSLT, lugha ya kuchakata faili hizo, akaandika laha-mtindo, yaani maagizo kwa mashine, ya kutoa walioachiwa katika walioshikwa.

Safu ya majibu ikatoka tupu, vituo vyote.

Papo hapo inspekta wa polisi akaingia ofisini mwetu bila hodi, akapiga teke birika. Chai ya moto ikamwagikia miguu ya Ilango. Inspekta akachungulia skrini ya Thenmozhi, akacheka.

"Tupu! Hata mashine yako inasema hakuna mtu, dada."

"Tupu si sifuri, afande."

Kofi likampasua Thenmozhi mdomo. Rungu likavunja skrini yangu. Vioo vikanichoma mikono.

"Basi lete hiyo sifuri!" alifoka akitoka.

"Dada, acha kwanza, unatoka damu," nilimsihi.

Thenmozhi alikuwa akisoma mstari wake kwenye kompyuta yake, iliyosalimika: walioshikwa-walioachiwa.

"Mjinga mimi! Bila nafasi kando ya kistari, mashine haioni kutoa. Inaona jina moja refu, la lebo isiyokuwepo. Dole hili halibonyezi nafasi sawasawa."

"Nikubonyezee?"

"Wewe chomoa vioo vyako. Hili walilivunja wao."

Akabonyeza kwa dole lilelile, mara moja kabla ya alama ya kutoa, mara moja baada yake, machozi yakimtiririka.

Kituo cha mtoni: thelathini na nne kutoa thelathini na tatu. Moja.

Tuliwasilisha kabla ya saa tisa; saa kumi jaji aliamuru mtu huyo wa kituo cha mtoni aletwe mbele yake, akiwa hai. Sasa tumesimama kwenye ngazi za mahakama, Thenmozhi ameshika shati safi la Pugazh. Gari la polisi limeingia uani. Askari anahangaika na komeo la mlango wa nyuma.